TB: kikombe mmekitenga, dirisha mmelifunga

Tangu nimalize dawa za TB, yaani kifua kikuu, hapa mtaani Kisauni, Mombasa, nimegeuzwa daktari, kila nikikaa maskani naulizwa mie. Udaktari sina, ila miezi sita ya kwenda kliniki yafunza mtu, kwa hivyo nimeandika yale maswali yanayorudi rudi.

Hivi TB yaletwa na nini? Wengine wasema upepo, wengine eti ni kurogwa.

Ni bakteria. Mjerumani Robert Koch alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882, ndio maana siku ya TB duniani ni hiyo. Si jini, si jicho la mtu, na hairithiwi, mkiona nyumba moja wanaugua mmoja baada ya mwingine ni vile wanalala chumba kimoja wanavuta hewa moja. Wale wa upepo angalau wamekaribia.

Mume wangu ana TB, nimemtengea sahani na kikombe chake. Inatosha?

Dadangu, kikombe hakina makosa. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea au kuimba, hutoa vitone vidogo sana ambavyo vyaelea hewani, na chumba kikifungwa vyaweza kukaa masaa. Kupeana mkono hakuambukizi, wala choo wala shuka wala kula sinia moja. Mie nilitengewa sahani na watu wale wale waliofunga madirisha yote na pazia nzito juu, eti mbu, siku hizi nacheka lakini wakati ule nililia. Fungua madirisha hewa ipite na jua liingie, yeye akikohoa afunike mdomo, na wewe na watoto mwende mkapimwe, hasa walio chini ya miaka mitano maana wao hupewa dawa ya kuzuia hata kama hawaumwi. Chanjo ya BCG ya kuzaliwa yawakinga zaidi na TB kali, ile ya utando wa ubongo kwa mfano, lakini si ngao ya kila kitu. Akishakunywa dawa kama wiki mbili na zikawa zamfanyia kazi, kuambukiza kwashuka sana.

Na nyinyi wa muguka, yale majani ya kutafuna, shida si kupeana majani, shida ni kile kibanda mnachojifungia masaa manne.

Nakohoa wiki ya tatu sasa, lakini ni vumbi tu, nimenunua dawa ya maji dukani.

Ami, wiki mbili zikipita nenda ukapimwe. Wenyewe watakuuliza kuhusu homa za jioni, kukonda, maumivu ya kifua, damu kwenye makohozi, na jasho la usiku. Sasa Mombasa nani halali na jasho? Nasemea lile la kulowesha shuka hata feni ikizunguka. Watataka makohozi ya kutoka kifuani, si mate, na mashine ya GeneXpert yatoa jibu kwa kama masaa mawili, tena yaonyesha kama ni TB sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Hospitali za serikali vipimo na dawa za TB ni bure, iwe Coast General au Port Reitz.

Mwenye TB lazima ana ukimwi, ama?

La. Utaambiwa upime HIV kwa sababu yashusha kinga na TB hupata njia, lakini hata kisukari, utapiamlo na sigara zafanya hivyo. Kama robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa na wengi hawaugui kamwe.

Miezi miwili nimekunywa, nimenenepa, kikohozi kimeisha. Si niache?

Hapa ndipo wengi huharibu, hata mie mwezi wa tatu nilianza kuruka siku mpaka nesi akanishika. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne, minne inayofuata ni mbili, kwa sababu wale bakteria wanaozaana mbio hufa mapema ndio unajisikia mzima, lakini kuna waliolala, na hao hawaishi haraka. Ukiacha njiani wanaamka, na waweza kujitengenezea TB sugu, ya dawa nyingine kabisa, nzito zaidi.

Mkojo ukiwa rangi ya chungwa usishtuke, ni rifampisini hiyo. Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika sana au ukianza kuona vibaya, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Na akina dada, rifampisini yadhoofisha vidonge vya kupanga uzazi, ulizeni njia nyingine.

Ramadhani je?

Dozi ni mara moja kwa siku, kwa hivyo wengi wanapanga na kliniki wameze usiku, na aliyedhoofika mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Mie nilikuwa naamka saa tisa na nusu, nameza tumbo likiwa tupu vile nesi alivyonielekeza, nakaa nusu saa nikiangalia sahani ya daku, ndio nakula.