Kasha la siku tano: saa za kazi hupotelea wapi?

Fundi mmoja wa nakshi hapa Lamu aliulizwa darasani kasha la mbambakofi linamchukua muda gani. Alijibu papo hapo, "Siku tano, mwalimu." Wenzake wakatikisa kichwa kukubali. Nilipomuuliza lile la mwisho alilianza lini na mteja alilichukua lini, akaanza kuhesabu Ijumaa kwenye vidole, kisha akacheka.

Hakuwa akidanganya. Alikumbuka saa alizoshika patasi. Hakukumbuka asubuhi aliyongoja mbao zivuke kutoka Mokowe, wala muda wa kunoa, wala mteja aliyepiga simu mara tatu akitaka ua la katikati libadilishwe.

Kazi yangu ni kuwafundisha mafundi na wafanyakazi wa ofisi ndogo hesabu za biashara, na siku hizi somo la kwanza silianzi na mapato wala matumizi. Naanza na saa. Mafundi wengi bei ya mbao, gundi, vanishi na bawaba wanaijua hadi shilingi ya mwisho. Bei ya saa yao wenyewe hawaijui, kwa hiyo wakati wa kupatana na mteja, saa ndiyo wanayoipunguza.

Yule fundi alikubali kuandika kasha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tarakimu za shilingi nimezibadili ili asijulikane, lakini sura ya hesabu ni ileile. Kukata mbao na kupiga randa kulikula saa 9. Nakshi, saa 27. Kuunga, saa 6. Msasa na vanishi, saa 7. Hapo tuna saa 49 za mezani, na tayari tumeshazipita zile 40 za siku tano zake. Kisha zikaja zile ambazo hakuna aliyekuwa akizihesabu: kunoa saa 3, kufuata mbao saa 5, mazungumzo na mteja saa 4. Jumla ni 61.

Kasha aliliuza shilingi 18,000, vifaa vikiwa vimegharimu 7,500. Zilizobaki ni 10,500. Yeye aliamini anapata kama shilingi 262 kwa saa. Daftari lilisema 172. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kunoa patasi kweli ni kazi. Nikamuuliza kama anaweza kuchonga kwa patasi butu.

Kukisia muda wa kazi kwa kichwa humshinda kila mtu, msomi na asiyesoma. Katika utafiti wa wanasaikolojia wa Kanada uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu waliambiwa wakisie watamaliza lini. Walikisia wastani wa siku 33.9. Waliambiwa pia wakisie kama kila kitu kingeharibika, wakasema 48.6. Walimaliza kwa wastani wa siku 55.5. Yaani hata walipolazimishwa kuwaza mabaya, hawakuyafikia yaliyotokea. Mtu anapokisia huiona kazi yenyewe ikiwa imenyooka. Mvua, mgonjwa nyumbani na mashua iliyokwama havimo katika picha.

Kwa hiyo andika, na uandike unapobadilisha kazi, si jioni barazani. Daftari la jioni ni kumbukumbu iliyovaa nguo za hesabu. Weka safu nne: tarehe, kazi, kuanza, kuisha. Usitafute dakika, robo saa inatosha. Majina ya kazi yasizidi manane. Nimeona daftari la karani lenye majina thelathini na moja, na siku ya tatu alikuwa amechoka nalo. Jina moja katika hayo liwe "kungoja". Watu huona haya kuliandika, kana kwamba ni kukiri uvivu, ilhali hapa kwetu kungoja ni sehemu ya kazi na mara nyingi ndiyo sehemu inayoweza kupunguzwa.

Kuna jambo moja linalotutatiza sisi tunaohesabu saa Kiswahili. Simu inaonyesha 14:15, mdomo unasema saa nane na robo. Nimewahi kupewa ukurasa ulioandikwa "2 hadi 4", na mwenyewe akashindwa kukumbuka kama ni asubuhi kwa saa yetu au alasiri kwa saa ya Kizungu. Chagua moja na uiandike juu ya jalada. Daftari likienda kwa mhasibu, fuata simu. Likiwa lako, mimi napendelea saa yetu, na si kwa mapenzi tu. Anayefuata saa ya Kizungu ya kumi na mbili, akifanya kazi kuanzia 10 asubuhi hadi 2 mchana, hana budi kuruka adhuhuri ndipo apate jibu. Sisi ni saa nne hadi saa nane: toa, zinabaki nne. Siku yetu huanza jua likichomoza, kwa hiyo kazi ya mchana haivuki kumi na mbili.

Andika kwa muda gani? Vitabu vingi husema wiki moja. Kwa Lamu wiki haitoshi, na sababu ni bahari. Maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, na kutoka bamvua moja (maji yanapojaa na kupwa sana) hadi nyingine ni kama siku 15, maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yakiwa katikati. Nahodha, mnunuzi wa samaki, hamali wa jeti, hata mwenye duka anayengoja shehena, siku yake inasogea na maji. Ukipima wiki ya bamvua pekee utapata picha ya nusu. Andika siku 15 mfululizo, zikiwemo Ijumaa ambazo mchana wake una mpango wake. Na usiulinganishe mwezi wa Ramadhani na Shawwal kisha ukamlaumu kijana wa karakana.

Nikifika kwa kijana wa karakana nafika kwa waajiri, na hapa naomba tahadhari. Mwenye biashara akisikia habari ya kupima muda, jambo la kwanza analowaza ni kumpima mtu. Historia ya fikra hiyo si nzuri. Agosti 1911, wafanyakazi wa kusubu chuma katika kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani huko Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu walianza kupimwa kwa saa ya sekunde wakiwa kazini. Anayepimwa kwa kushtukizwa hujilinda: hujaza karatasi vile bosi anavyopenda, na bosi hubaki na hesabu safi ya uongo. Waambie wafanyakazi mapema unapima nini, kwa nini, na nani atasoma. Ukitumia programu ya simu inayoonyesha mahali mtu alipo, fahamu kwamba hiyo ni taarifa binafsi inayolindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Kwa aliyeajiriwa, daftari hilo lina kazi nyingine. Kitabu cha mahudhurio huonyesha ulifika saa ngapi; mara nyingi hakionyeshi kwamba saa kumi na moja ulitumwa kusimamia mzigo hadi usiku. Agizo la jumla la mishahara nchini Kenya, linalowahusu wafanyakazi wengi wasio na agizo maalumu la sekta yao, linaweka kikomo cha kawaida kuwa saa 52 kwa wiki, zikigawanywa kwa siku sita. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, na siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mtu akija kulalamika kwamba "hufanya saa nyingi", ni vigumu kumsaidia. Akija na kurasa zenye tarehe, kuanza na kuisha, kuna mahali pa kuanzia mazungumzo, na mara nyingi huishia kwa mwajiri mwenyewe bila kufika mbali.

Siku 15 zikiisha, jumlisha kila jina la kazi upande wake. Usianze na lililo kubwa kabisa. Nakshi ya saa 27 ndiyo kazi yenyewe, huigusi. Tazama yale madogo yanayojirudia.

Yule fundi hakupandisha bei ya kasha, alisema soko halitaki. Alichofanya ni kuagiza mbao za makasha mawili kwa safari moja, kumpa mwanafunzi wake msasa, na kumwambia mteja achague ua kabla patasi haijagusa ubao; akibadilisha baada ya hapo, kuna malipo. Wiki chache baadaye mama mmoja kutoka Shela alimtaka kasha la harusi katika siku tano. Alikwenda kwenye rafu, akafungua daftari lililojaa vumbi la mbao, akasoma kidogo.

"Siku nane, mama," akasema. "Na ua ulichague leo."