Wakulima walipogomea bei: somo la turn down

Oktoba 2018, kwenye minada ya korosho ya Newala na Tandahimba, wakulima walisomewa bei za wanunuzi wakazigomea. Novemba Serikali ikaingilia kati: ikatangaza kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Mimi nafundisha Kiingereza hapa Mtwara, na nikifika kwenye turn down naanzia hapo, maana kisa hiki sihitaji kumsimulia mtu.

The farmers turned down the price. Bei ililetwa, wakaikataa. Turn down hudai kuwe na kitu kilicholetwa kwanza: bei, ombi, mwaliko, kazi, posa. Kama hukuletewa chochote, kitenzi hiki hakina kazi.

Kinachotuponza ni kukataa kwetu, kunakobeba mengi mno. Mkulima amekataa bei, amekataa kuuza, amekataa kwamba alitia mawe kwenye gunia. Kwetu yote ni kukataa tu. Mwingereza anayagawa: he turned down the price, he refused to sell, he denied putting stones in the sack. Kosa ninalolisahihisha kila muhula ni he turned down to sell. Hakuna Kiingereza cha namna hiyo. Baada ya turn down huja jina la kitu au mtu. Ukitaka kufuatisha kitendo, chukua refuse.

Mtu? Naam. She turned him down: kijana kaposa, kakataliwa. Na aliyeomba mkopo akanyimwa, he was turned down for a loan.

Kuhusu mpangilio, turned down the price na turned the price down zote sawa. Ila kiwakilishi hukaa katikati tu: turned it down, kamwe si turned down it. Wanafunzi hulalamika kwamba huo ni ukorofi, ilhali wenyewe wanasema wameikataa, na hiyo “i” wameichomeka katikati bila kuulizwa na mtu.

Ile maana nyingine, ya kupunguza sauti ya redio au moto wa jiko, haisumbui: turn it down, basi. Ukiitamka, mkazo uweke kwenye down.

Kwenye barua rasmi, hasa za benki, utakutana zaidi na declined au rejected. Turn down ni ya mazungumzo na magazeti.