Usiuze simu ununue kibodi: uongo wanaoambiwa vijana wanaoanza kutengeneza biti

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu kaja geto na simu mkononi, ananiambia kaka nitafutie mteja nataka kuiuza. Namuuliza unauza ya nini, anasema anataka kununua kibodi ya midi, ile yenye funguo za piano unayoichomeka kwenye kompyuta, maana kuna jamaa kamwambia bila hiyo huwezi kuwa prodyuza hata ufanyeje. Kwa kweli iliniuma. Kibodi ni kitu kizuri, mimi mwenyewe ninayo na naitumia, ila dogo alikuwa hajawahi kutengeneza biti hata moja na tayari kashatiwa hofu.

Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikafungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, nikamwambia weka kidole kwenye Z alafu tembea kwenda kulia mpaka M. Z, X, C, V, B, N, M. Akashtuka, ni do re mi fa so la si! Ukipanda mstari wa juu kuanzia Q unapata zilezile zimepanda oktava moja, na zile nyeusi za piano zimekaa kwenye S, D, G, H, J. Yaani kibodi ya kuandikia barua ndio piano yenyewe, na ipo hivyo kwenye programu nyingi tu. Ilichokosa ni kuhisi umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, ila hiyo unairekebisha baadae kwa mausi, noti moja moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nawaza ni mangapi vijana wanaambiwa namna hii wanaishia kuacha. Haya ndio ninayoyasikia mara nyingi.

"FL ni ya kuchezea, studio za ukweli zinatumia programu nyingine"

Hii ni ya zamani na imekataa kufa. FL Studio ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na mwanzoni ilikuwa kweli kitu kidogo cha kupangia ngoma kwenye vile viboksi. Jina likabadilika 2003, na mwaka huohuo prodyuza wa Marekani 9th Wonder alikuwa kwenye albamu ya Jay-Z, The Black Album, na huyo ni mtu aliyejulikana wazi kwamba biti zake anapigia kwenye FruityLoops. Sasa ni miaka zaidi ya ishirini imepita na bado mtu anamwambia mwenzake hiyo ni ya watoto.

Tena kuna wanaosema programu fulani "inatoa sauti nene" kuliko nyingine. Chukua kiki ileile (ngoma nzito ya chini), sneya ileile (ngoma kali inayopasuka), noti zilezile, weka sauti kwenye viwango vilevile bila kuongeza efekti yoyote, hapo kompyuta inajumlisha namba tu na jibu la kujumlisha halibadiliki. Tofauti unayoisikia inatoka kwenye sampo ulizochagua, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, na plagini, yaani vyombo na efekti za ziada, zinazokuja na programu, na zaidi ya hapo ni mikono ya aliyekaa kwenye kiti. Chagua ile ambayo rafiki yako anaijua ili ukikwama uwe na wa kumuuliza, hicho ndio kigezo changu.

"Sauti zinazokuja na programu ni mbovu, nunua plagini"

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hela za watu zinapopotelea.

Unaijua ile besi ya amapiano, ile inayogonga kama mtu anapiga gogo lililo wazi ndani, wanaiita log drum? Ile sauti iliyojaza kumbi kuanzia Johannesburg mpaka Dar ilikuwa ni sauti iliyowekwa tayari ndani ya plagini ya FL Studio inayoitwa Fruity DX10. Ilikuwa imekaa tu humo, kila mwenye programu anayo, na vijana wa Afrika Kusini ndio wakaichukua wakaipiga chini kabisa kama besi, wakaifanya iongee. Wengi wanamtaja prodyuza TRP kwamba ndiye aliyeanzisha mtindo huo. Yaani muziki mzima umesimama juu ya sauti ambayo mwingine angeipita bila hata kuibonyeza.

Au ule wimbo wa Rihanna wa mwaka 2007, Umbrella. Ngoma zake zimejengwa juu ya lupu iliyokuja na GarageBand, programu ambayo Apple wanaigawa na kompyuta zao.

Na sisi wenyewe hapa nyumbani tuna ushahidi. Mchiriku wa Dar ulipigwa na vinanda vidogo vya Casio, vile vya plastiki ambavyo mtu angemnunulia mtoto, wakavipitisha kwenye spika za honi mpaka vikalia vile vinavyolia, na kutoka hapo ndio tukaja kupata singeli inayokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300. Hakuna mtu aliyekaa kusubiri kinanda cha bei.

Kwahiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba chukua sintesaiza moja tu, yaani plagini inayounda sauti yenyewe, iliyomo kwenye programu yako ukae nayo mwezi mzima, ujue hiki kinobu kikigeuzwa kinafanya nini na kile kinafanya nini, kwa sababu mtu mwenye plagini mia tatu asiyejua hata moja anaishia kubonyeza sauti baada ya sauti mpaka usiku unaisha na biti haijaanza.

"Bila crack huwezi kuanza, programu ni ghali"

Mimi nilianza na crack, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kununuliwa, sifichi. Niliishusha kwenye tovuti moja ya ovyo, nikazima antivairasi kama maelekezo yalivyosema, na baada ya wiki kadhaa mafaili yangu yote yakafungwa, nikaletewa ujumbe wa kudai hela. Kazi za mwaka mzima. Kulikuwa na vokali za rafiki yangu mle ambazo hatukuweza kuzirekodi tena na bado nazikumbuka.

Na kumbe njia za halali zipo. FL Studio yenyewe ukiishusha bure haina mwisho wa siku, inakupa karibu kila kitu na unaweza kutoa wimbo wako kama WAV au MP3, tatizo lake ni moja, ukisevu projekti na kuifunga huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Wengine wanaona hiyo ni balaa, ila kwa mwanafunzi mimi naona inamlazimisha kumaliza biti aliyoianza palepale. Ukija kununua, zile ulizosevu zinafunguka, na matoleo mapya unapewa bure maisha yote. LMMS ni bure kabisa. Reaper wanakupa siku 60 za kujaribu. BandLab ni bure na inafanya kazi kwenye simu.

Eeh, kwenye simu. Hiyohiyo aliyotaka kuiuza dogo. Steve Lacy alikuwa anatengenezea muziki kwenye iPhone yake, gitaa kachomeka kwenye simu na anatumia GarageBand, na kazi yake ya hivyo ikaingia kwenye albamu ya Kendrick Lamar ya 2017. Sisemi simu ni rahisi, kioo ni kidogo na vidole vinakosea, ila studio alikuwa nayo mfukoni na alikuwa anaelekea kuiuza.

"Lazima uwe umesoma muziki"

Hapana. Ila na wale wanaosema nadharia haina kazi yoyote nao wanadanganya. Kuna kiasi kidogo ambacho ukikijua kinakutoa gizani. Rudi kwenye ile kibodi ya kuandikia, bonyeza N, Q, W, E, T. Hizo ni la, do, re, mi, so, noti tano za A maina ambazo ukizichezea kwa mpangilio wowote ni vigumu kukosea. Dogo nilimwachia hizo tano tu, dakika ishirini baadae alikuwa na melodi anaiimba mwenyewe. Kodi za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, utakuja kuzijua taratibu, sikio likishaanza kudai.

"Kila kitu kikae sawasawa kwenye mistari"

Programu inakuvutia hivyo, ukiweka noti inaruka yenyewe kwenye mstari. Sasa sikiliza ngoma za harusini, yule anayepiga kayamba hakai juu ya mstari, anachelewa kidogo anawahi kidogo na ndio maana mabega yanacheza. J Dilla, prodyuza wa hip hop wa Marekani, alisifika kwa kuzifanya ngoma zake zichelewe na ziwahi kidogo kwenye MPC, mashine ya vitufe ya kupigia biti, na leo MPC yake ipo makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Jaribu hivi: kwenye spidi ya mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600, na kila pigo lina viboksi vinne katika vile kumi na sita, kwahiyo kiboksi kimoja ni milisekunde 150. Isogeze sneya kulia ili ichelewe kwa milisekunde 15 tu, moja ya kumi ya kiboksi. Kwenye FL unashikilia Alt huku unaivuta ili isiruke kwenye mstari. Haionekani hata kwa macho ila biti inalegea, inapumua. Kiki iache palepale, maana vyote vikiyumba hakuna wa kumshika mwenzake.

"Kwenye hedifoni inagonga, basi iko tayari"

Hili limewaumiza wengi na limeniumiza mimi. Unamaliza biti saa nane usiku, besi inatikisa kichwa, asubuhi unamchezea mtu kwenye simu yake na besi haipo. Haipo kabisa, kimebaki kiki kinalia tik tik. Mtu anafikiri faili limeharibika.

Kinachotokea ni hiki. Tuseme besi yako iko kwenye so ya chini, kama hezi 49, yaani mitikisiko 49 kwa sekunde. Kispika cha simu ni kidogo mno, hakiwezi kusukuma hewa ya sauti ya chini hivyo, na wewe ukiongeza volyumu ya besi ndio kwanza unajaza nafasi ya wimbo kwa kitu ambacho simu haikitoi. Dawa yake ni kuichafua besi kidogo kwa distoshen, hata ile Fruity Fast Dist iliyomo kwenye FL inatosha, ili ipate ndugu zake wa juu, yaani 49 mara mbili, mara tatu, mara nne: 98, 147, 196 na kuendelea. Hao wa juu simu inaanza kuwatoa, na ubongo wa msikilizaji ukiwasikia unaijaza ile 49 wenyewe japo haipo. Nadhani ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyojifunza kwenye kazi hii, kwamba mtu anaweza kusikia besi ambayo spika haijaitoa.

Kwahiyo kabla ya kusema imeisha, isikilize kwenye simu, alafu omba dereva wa bajaji mwenye spika akuchezee, kwenye simu unatafuta kama besi inasomeka na kwenye bajaji unatafuta kama haijameza sauti ya mwimbaji. Mimi nina dereva mmoja hapa stendi ambaye hajui mikisi ni nini ila akisema "hii inaumiza masikio" huwa hakosei.

Kuhusu kupandisha sauti mpaka taa nyekundu ili biti ishinde nyingine, usihangaike. Spotify kwa kawaida inazishusha nyimbo zenye kelele zote zifike kama LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha sauti inavyosikika kubwa), kwahiyo unaiponda ngoma yako alafu inashushwa hivyohivyo, imebaki bapa bila uhai.

"Sampo ikiwa chini ya sekunde tano hakuna kesi"

Hakuna sheria ya sekunde tano, wala sita, wala nane. Nimesoma, haipo. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na Kenya wana ya 2001, na kote huku kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ukikata kipande cha taarabu ya zamani umegusa haki mbili kwa mpigo, ya aliyetunga na ya aliyerekodi, na wanaweza kuwa watu tofauti kabisa. YouTube nayo ina mtambo wake wa kutambua sauti, unaweza kukuta hela za wimbo wako zinaenda kwa mwingine. Naipenda sampo, singeli imekua kwa kukata taarabu na kuikimbiza, ila kabla hujauza biti hiyo mtafute mwenyewe mkubaliane, au msikilize yule mpiga fidla mpaka uelewe anachofanya alafu upige cha kwako.

Dogo simu hakuiuza. Jana kanitumia biti aliyoitengeneza humohumo kwenye BandLab, ina dakika moja na sekunde kumi na mbili, melodi ni zilezile noti tano na kaongeza makofi ya dada zake aliyoyarekodi jikoni, sufuria inasikika kwa mbali. Kiki kimezidi sana. Nimemwambia akishushe kidogo, makofi asiyaguse, na Jumamosi aje tuipeleke kwa yule wa bajaji.