Pomboo wa Kizimkazi hana Kiunguja

Asubuhi mapema Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mashine ya boti ikizimwa na maji yakatulia, zamisha kichwa. Unaweza kuwasikia pomboo kabla hujawaona: miluzi myembamba inayopanda na kushuka, kama mtoto aliyeokota filimbi. Na botini hakosekani wa kusema: "Hawa wanaongea Kiunguja. Wa Mombasa wana Kimvita chao." Watu hucheka. Nami hucheka, lakini mzaha huu umebeba dhana ambazo hazisimami.

Dhana: Ni mluzi, na unatoka mdomoni

Mdomo wa pomboo hauhusiki. Sauti hutengenezwa kwenye njia za pua, chini ya tundu la pumzi lililo utosini. Wala si mluzi. Mtu akipiga mluzi, hewa yenyewe ndiyo inayovuma, hivyo ukimpa gesi nyepesi kuliko hewa, mlio hupanda. Mwaka 1977 pomboo dume wa miaka 12 alivutishwa mchanganyiko wa heliamu na oksijeni, akarekodiwa. Kanda zile zilipochambuliwa upya na matokeo kutolewa mwaka 2012, mlio ulikuwa haukupanda. Maana yake kinachotetemeka ni nyama, kama nyuzi za sauti kooni mwetu. Tunaita mluzi kwa mazoea, nami nitaendelea hivyo hivyo.

Dhana: Kila kundi lina lahaja yake, imo kwenye damu

Hapa ndipo penye utamu. Kwamba miluzi hutofautiana kutoka bahari moja hadi nyingine, ni kweli. Kosa ni kudhani tofauti hizo ni kama za Kiunguja na Kimvita.

Lahaja ni maneno ambayo watu wa mahali pamoja wanayatumia kwa pamoja. Sasa, kwa pomboo pua-chupa, sehemu kubwa ya miluzi ni kitu kingine: ni mlio wa pomboo mmoja mmoja, unaokaribia kuwa jina lake. Watafiti Melba na David Caldwell waliueleza mwaka 1965. Katika ghuba ya Sarasota, Florida, ambako pomboo wamefuatiliwa tangu 1970, takriban nusu ya miluzi iliyorekodiwa baharini ilikuwa ya majina hayo. Mama hampi mtoto jina. Mtoto hujitungia mwenyewe katika miezi yake ya mwanzo, akiokota vipande vya sauti anazozisikia. Na jina linaitikiwa: huko Scotland, matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba pomboo akichezewa nakala ya mlio wake mwenyewe hujibu, na akichezewa mlio wa asiyemjua hajishughulishi.

Kwa hiyo ukilinganisha miluzi ya sehemu mbili, kwa kiasi fulani unalinganisha daftari la mahudhurio la shule ya Makunduchi na la shule ya Lamu. Tofauti utaziona, lakini daftari la majina halikufundishi Kiamu.

Tena majina yenyewe yanafinyangwa na mahali. Watafiti walirekodi makundi sita ya pomboo pua-chupa katika bahari ya Mediterania, na mwaka 2022 wakatoa walichokiona. Penye nyasi za baharini miluzi ilikuwa ya juu zaidi na mifupi kuliko penye tope. Makundi madogo yalikuwa na miluzi yenye kupanda na kushuka kwingi kuliko makundi makubwa. Mazingira na wingi wa kundi vilieleza tofauti hizo kuliko nasaba.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Japani, kwa sababu pomboo wake ni jamii ile ile ya Kizimkazi. Maeneo matatu yalilinganishwa, na utafiti ukachapishwa mwaka 2005. Pale Amakusa, penye kelele nyingi zaidi, miluzi ilikuwa ya chini na isiyo na mapambo mengi. Kelele za nani? Za kamba wadogo wa gando moja kubwa, ambao hulifunga kwa kasi hadi povu likapasuka majini kwa mlio mkali. Wakiwa maelfu, chini ya maji panasikika kama mafuta yanayokaangia. Aliyewahi kupiga mbizi kwenye matumbawe yetu anaujua mlio huo, hata kama hakujua mwenyewe ni nani. Katika zogo hilo mluzi wenye madoido hupotea njiani, na ulionyooka hufika.

Dhana: Kelele za boti watazizoea

Kuzizoea kunaweza kuwa na gharama. Nje ya pwani ya Maryland, Marekani, ilionekana mwaka 2018 kwamba kelele za meli zikizidi, pomboo hupandisha miluzi na kuirahisisha. Japani walishusha, Maryland wamepandisha. Kila kelele ina kimo chake, ya juu au ya chini, na mnyama hutafuta upenyo. Lakini mluzi uliorahisishwa ni jina lililokatwa katikati. Huwa nalifikiria hili ninapoona boti kumi zimelizunguka kundi moja, mashine zote zikiunguruma.

Dhana: Basi hakuna pomboo mwenye lahaja

Yupo. Nyangumi muuaji, licha ya jina, ni wa ukoo wa pomboo, na pwani ya British Columbia, Kanada, mtafiti John Ford alionyesha kwamba kila ukoo wa kina mama una mkusanyiko wake wa milio, ambayo watoto hujifunza kwa wakubwa. Koo zinazotumia maji yale yale hubaki na milio tofauti. Hapo mzaha wa Kimvita ungekaa mahali pake.

Dhana: Pomboo wote hupiga miluzi

La. Pomboo wa Hector wa New Zealand, mdogo kuliko mtu mzima kwa urefu, hana mluzi kabisa. Hutoa midundo mifupi ya sauti iliyo juu ya kilohezi 100 (kipimo cha wembamba wa sauti), na sikio letu linaishia kama 20. Ukizamisha kichwa kando yake utasikia maji tu, naye anapiga mlio mmoja baada ya mwingine.