Kabla Hujapiga Kisu cha Guka Brasso

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu visu vya zamani, WhatsApp, kazini, hata kwa matanga, ni hili: "Hiki kisu nikisafishe kwanza ndo nikuletee ama nilete tu hivyo?" Lete tu hivyo. Na uchafu wake, na grisi imekauka kwa bawaba, na huo weusi unaokukera. Najua mkono unawasha na Brasso, ile dawa ya kung'arisha chuma, iko hapo chini ya sinki, lakini subiri kwanza nikueleze.

Mtu anayenunua kisu cha zamani hatafuti kitu cha kukata sukuma, hicho atakipata sokoni Gikomba kwa bei ya soda. Analipia vile vitu ambavyo vikitoka havirudi: muhuri wa kiwanda, mistari ya mwisho ya fundi aliyekinoa kikiwa kipya, upana wa bapa kabla halijaliwa na mawe ya kunolea, na ile rangi ambayo chuma kimejivika chenyewe polepole. Ukisugua hadi kikang'aa kama sufuria ya mgeni, umeondoa karibu kila kitu alichokuwa anataka kulipia, na yeye akikishika tu anaona.

Sasa shida inaanzia hapa, watu wanaita kila kitu cheusi au cha kahawia "kutu". Visu vingi vya zamani ni chuma cha kaboni, si steinlesi (steinlesi, ile isiyoshika kutu upesi, Harry Brearley aliitoa Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1913, na visu vya kaboni viliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, hadi leo vipo). Chuma cha kaboni kikishikwa na mikono, kikikata nyama na matunda, kinafanya ngozi ya kijivu, nyeusi, saa zingine ina ubuluu, na hiyo ndo wakusanyaji wanaita patina. Imeshikana na chuma, haivimbi, haitoki kwa kidole, na inapunguza kasi ya kutu halisi ingawa haiizuii kabisa. Kutu halisi ni ile nyekundu: inavimba, inabanduka unga unga, inashika unyevu na chini yake inachimba vishimo. Kujua ipi ni ipi ni rahisi, weka tone la mafuta ya cherehani, pitisha tishu nyeupe, ikitoka rangi ya matofali basi kisu kinaliwa na hiyo lazima uisimamishe. Ikitoka jivu jivu tu ama haitoki kitu, wachana nayo.

Na vishimo vikishachimbwa, bana, hakuna dawa. Ili kuvifuta lazima ushushe chuma chote hadi chini ya kishimo, yaani unakula bapa, unakula muhuri, unakula kila kitu. Mnunuzi anasamehe vishimo vitatu vinne kuliko bapa lililokonda.

Juzi kijana fulani ameniletea kisu cha kukunja cha Joseph Rodgers wa Sheffield, mpini wa pembe, kilikuwa cha guka yake, yaani babu. "Fundi, ona venye kinang'aa!" Kweli kilikuwa kinang'aa, kilikuwa kimepitishwa kwa gurudumu la polishi. Nikachukua lenzi nikaangalia shina la bapa, pale karibu na bawaba ambapo Rodgers walikuwa wanapiga nembo yao ya nyota na msalaba. Nyota ilikuwa imebaki miguu mitatu. Taji waliyokuwa wanapiga hapo pia ilikuwa doa tu, na ile herufi ya jina la mfalme kando ya R imeenda kabisa. Hiyo herufi moja ndo ingetuambia umri: V ni enzi ya Malkia Victoria, aliyefariki 1901, E ni Edward hadi 1910, G ni wale akina George waliofuata. Hata neno "England" chini ya Sheffield linasema kitu, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje kuandikwa nchi zilikotoka, kwa hivyo kisu chenye hilo neno mara nyingi ni cha baada ya hapo. Kisu bila muhuri ni kama title deed iliyofutwa jina, shamba lipo lakini utauzia nani? Nilimpa bei ya kisu cha kumenyea machungwa, na sikufurahi.

Visu vya kampuni ya Case ya Marekani ndo kali zaidi. Kuanzia 1970 walipiga nukta kumi chini ya jina, halafu kila mwaka wakatoa moja. Nukta! Mkwaruzo mdogo wa msasa ukifuta moja, kisu kinasomeka kimetengenezwa mwaka mmoja baadaye, na mnunuzi anayejua hatakuamini tena hata kwa vile vingine.

Sasa wale jamaa wa baiskeli wanaonoa visu mtaani, nawaheshimu sana, panga langu huwa nawapelekea. Lakini usiwape kisu cha zamani. Jiwe lile linazunguka haraka, tena halina maji, kwa hivyo makali yanapata joto, ukiona chuma kimegeuka buluu kimefika karibu digrii 300, ule ugumu kiliopewa kiwandani umeenda hapo na hakishiki makali tena. Na makali ya kiwandani yenyewe yana bei, kisu ambacho hakijawahi kunolewa kinaenda juu kuliko ndugu yake anayenyoa ndevu.

Mimi nafanya nini basi? Kidogo sana. Mafuta mepesi kwa kutu nyekundu, nalaza usiku mzima, kesho nakwaruza na ncha ya waya wa kopa wa stima kwa sababu kopa ni laini kuliko chuma, inatoa kutu inaacha patina. Bawaba natia mafuta, nafungua na kufunga, napangusa mchanga unaotoka, narudia hadi mafuta yatoke safi na kisu kianze kugonga "ta!" kikifunga. Halafu wax nyembamba, basi. Jik hapana, ndimu hapana, soda hapana, hizo zote zinakula chuma na zinaacha rangi mfu ya kijivu ambayo naitambua nikiwa mlangoni. Steel wool hata ile laini kabisa naiogopa, juu ya maandishi yaliyochorwa kwa asidi kwenye bapa ndo kabisa, ile michoro haina kina.

Mipini nayo ina mambo yake. Mfupa na pembe ukiloweka vinavimba halafu vikikauka vinapasuka kwenye pini. Seluloidi, ile plastiki ya zamani ya rangi rangi, ikizeeka inatoa mvuke wenye asidi unaoshika kutu kisu chenyewe na majirani zake kwenye boksi, kwa hivyo itenge, na usiiguse na asetoni, inayeyuka. Na usihifadhi kisu chochote ndani ya ala ya ngozi, hasa hizi mvua za Machi hadi Mei, ngozi inakaa na unyevu na kemikali za kutengenezea ngozi, utakuta bapa lina madoa na shaba imeota ukijani.

Kuna wajanja pia. Wameshasugua, wameona bei imeanguka, sasa wanapaka siki au haradali kurudisha weusi. Utawajua: weusi umelingana kila mahali, hata pale ambapo kidole hakifiki.

Visu vya kazi ni hadithi nyingine. Simi ya juzi iliyotoka kwa chuma cha springi, kisu cha jikoni cha steinlesi, sugua utakavyo, hakuna mtu anakulipia patina yake.

Na kama mpini ni wa pembe ya ndovu au ya kifaru, usinitumie hata picha ya bei. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, ongea na KWS, wale wa shirika la wanyamapori, kwanza. Vingine vyote nipigie picha mbili: muhuri kwa karibu kwenye mwanga wa dirisha, na kisu chote kikiwa wazi kando ya rula. Hata usipanguse.