Tanki "kuiva" maana yake nini, na kwa nini huwezi kuiruka hatua hii

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wa hapa Mtwara wanaotaka tanki kubwa la kioo la samaki na matumbawe nyumbani ni hili: bahari si hiyo hapo, nashuka Shangani na madumu narudi na maji, mchanga upo, samaki wavuvi wanaweza kuniletea wakiwa hai, sasa kwa nini nikae mwezi mzima naangalia tanki lenye mawe tu linazungusha maji? Na kiukweli swali ni zuri, maana anayeishi Dodoma ananunua chumvi maalumu ya kuchanganya na anapima mpaka anachoka, sisi tunaona kama tumesharuka nusu ya safari. Ila ile nusu tuliyoruka ni ya chumvi. Inayoua samaki ni nusu nyingine, na hiyo ndo tunaita tanki kuiva.

Tanki limeiva pale ambapo ndani yake kuna bakteria wa kutosha kula uchafu wote wa viumbe wanaoishi humo, kila siku, bila kubakiza. Basi. Maji kuwa meupe, pampu kuwa mpya, taa kuwa za bei mbaya, havihusiani na kuiva.

Chukulia nyumba. Umejenga, umepaka rangi, umeweka vigae, fenicha zimeingia, lakini hujachimba choo. Ukihamisha familia leo, siku ya kwanza mtavumilia na ya pili mtavumilia, wiki ikifika hakuna anayekaa humo. Tanki jipya ni nyumba isiyo na choo. Samaki anakula, anakojoa, anakunya, na sehemu kubwa ya taka yake anaitoa kupitia mashavu anapopumua, na hiyo taka ni amonia. Chakula kilichodondoka nyuma ya mwamba kikaoza, amonia. Konokono aliyekufa hujamuona, amonia. Baharini hii haionekani kwa sababu maji ni mengi mno na walaji wapo kila mahali, ila kwenye kioo cha lita 600 amonia haina pa kwenda, inarudi kwenye mashavu ya yule yule aliyeitoa na kuyaunguza. Na kwenye maji ya bahari amonia ni kali kuliko kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, sababu pH yetu, kile kipimo cha uchachu wa maji, inacheza kwenye 8.0 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile aina yenye sumu. Ukitoka pH 7 kwenda 8.2 hiyo sehemu yenye sumu inaongezeka zaidi ya mara 10. Ndiyo maana mtu aliyefuga samaki wa maji baridi miaka na miaka bila kujali haya mambo akihamia kwenye chumvi anashangaa kwa nini wanakufa.

Sasa wanaochimba hicho choo ni bakteria, na wanafanya kazi kwa zamu mbili. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa naitraiti. Kundi la pili linakula naitraiti na kutoa naitreti. Majina yanafanana ila usiyachanganye unaposoma vipimo, naitraiti ni ya katikati na naitreti ni ya mwisho. Naitraiti kwenye maji ya chumvi haina ukali kama ilionao kwenye maji baridi, kwa sababu kloraidi iliyomo kwenye chumvi inaizuia isiingie kirahisi mwilini mwa samaki, lakini ukiiona jua kwamba zamu ya pili bado haijakamilika. Naitreti ndo ya kuishi nayo, kidogo kidogo haina shida.

Kitu ambacho ningetaka kila mtu akijue kabla hajatoa hela: hawa bakteria hawaelei kwenye maji, wamejishika kwenye vitu. Juu ya mwamba, kwenye vitundu vya mwamba, kwenye punje za mchanga, kwenye sponji ya chujio, hata kwenye kuta za bomba. Kwa hiyo ukienda kwa rafiki mwenye tanki zuri akakupa ndoo mbili za maji yake umepewa maji tu, akikupa jiwe moja lililokaa humo mwaka mzima amekupa mbegu. Mimi tanki langu la kwanza niliua hivyo hivyo. Lilikuwa limeiva vizuri, samaki watano, miezi minne hakuna tatizo, siku moja nikaona sponji chafu nikaichukua nikaiosha bombani mpaka ikawa kama mpya, maji ya bomba yana klorini na klorini kazi yake ni kuua bakteria, na wakati huo tanki lile halikuwa na mawe ya kutosha, bakteria karibu wote walikuwa kwenye hiyo sponji. Siku ya tatu nimebaki na samaki mmoja. Mpaka leo sponji naisuuza kwenye ndoo ya maji ya tanki lenyewe, tena nusu nusu, nusu wiki hii na nusu wiki ijayo.

Kwa nini inachukua muda? Kwa sababu hawa bakteria wanazaliana taratibu sana. Wale wanaochachisha maharage yaliyolala wanaweza kujiongeza mara mbili ndani ya dakika kama 20 wakipata joto na chakula, hawa wetu wanahitaji saa nyingi, karibu siku nzima. Huwezi kuwaharakisha kwa kuwapigia kelele. Kuna chupa za bakteria zinauzwa, nyingine zinasaidia kweli, ila zinapunguza siku tu, bado utapima na bado utasubiri. Kawaida hesabu wiki nne mpaka sita.

Tuseme unapanga tanki la sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Hiyo ni lita 648, na maji ya chumvi peke yake yanavuka kilo 650, ukiweka kioo, mawe, mchanga na stendi unakaribia tani. Kwa hiyo sakafu ya zege chini, siyo ghorofani kwenye mbao, na liwe mbali na dirisha la jua la mchana. Chini yake weka tanki la pili dogo, wenyewe wanaita sampu, ambalo maji yanashuka kwa bomba, yanachujwa, halafu pampu inarudisha juu. Hakikisha sampu ina nafasi ya kupokea maji yanayoshuka umeme ukikatika, vinginevyo utaamka saa nane usiku sebule imekuwa ghuba ya Mikindani. Maji ukichota baharini, chota maji kujaa, mbali na mdomo wa mto na mifereji, na usichote siku za mvua kubwa maana maji ya juu yanakuwa yamepoa chumvi. Yapime kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, unataka sehemu 35 kwa elfu. Maji yakipungua kwa kukauka ongeza maji baridi yaliyochujwa, usiongeze ya bahari, kwa sababu kinachoruka ni maji na chumvi inabaki.

Kwenye mawe nina la kusema na nalisema kwa uchungu. Usiende kung'oa. Huku kusini tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, na ndani yake kuna matumbawe ambayo watu wanapanda ndege kuja kuyaona. Miamba hii imepigwa baruti miaka mingi, imechimbwa ichomwe chokaa ya kujengea, mwaka 1998 bahari ilipopata joto matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na mengi yakafa. Haihitaji na sisi wenye matanki twende na mtaimbo. Matumbawe magumu yote yamo kwenye mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, kuyavusha mpaka kunataka vibali, na ndani ya hifadhi kuchukua chochote bila ruhusa ni kosa. Kwa tanki unaweza kuanza na mawe makavu, yale ya matumbawe ya kale yanayopatikana nchi kavu, aina ileile iliyojengewa nyumba za zamani pale Mikindani. Yamejaa vitundu na ndicho unachotaka. Yasugue, yaloweke wiki kadhaa kwenye maji unayobadilisha, yatatoa fosfeti na takataka zake huko huko kwenye pipa badala ya kutolea kwenye tanki.

Mawe yakishakaa, maji yanazunguka, joto lipo kama 26, sasa lisha bakteria. Usitumie samaki kama chambo cha kuanzishia, watu wanafanya na samaki anateseka bure. Tupia kamba mbichi mmoja ndani ya soksi aoze humo, au weka matone ya amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome sehemu 2 kwa milioni. Halafu pima, kila siku mbili, andika kwenye daftari. Siku za mwanzo amonia itapanda na kukaa. Wiki ya pili hivi itaanza kushuka na naitraiti itapaa mpaka utaogopa. Itakaa juu siku nyingi kuliko ulivyotarajia, hapa ndo wengi wanakata tamaa na kuanza kumwaga madawa, usimwage kitu. Itadondoka ghafla, na naitreti itakuwa imepanda. Mtihani wa mwisho ni huu: weka tena amonia mpaka 2, kesho saa ile ile pima. Amonia sifuri na naitraiti sifuri, tanki limeiva. Mojawapo ikisoma hata kidogo, bado. Ukifaulu, badilisha maji mengi ili kushusha naitreti, ndo ufikirie samaki.

Kuna na zamu ya tatu ambayo watu wanaisahau. Ndani kabisa ya mwamba, kule oksijeni isikofika, kuna bakteria wengine wanaotumia naitreti badala ya oksijeni na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, inapanda juu na kuondoka zake hewani. Kazi kama hiyo inafanyika kwenye lile tope jeusi la mikoko yetu linalonuka ukilikanyaga. Ndiyo maana jiwe zito lisilo na vitundu halifai hata kama ni zuri machoni. Naitreti inayobaki unaitoa kwa kubadilisha maji, au kwa kuotesha mwani ndani ya sampu chini ya taa yake, ukawa unavuna kama wanavyovuna akina mama wa pwani, kila ukitoa konzi ya mwani umetoa na taka iliyoujenga.

Baada ya kuiva tanki litakuwa baya. Vumbi la kahawia litafunika mchanga, halafu majani ya kijani yatatokea kwenye mawe. Hiyo siyo dalili kwamba umekosea, ni viumbe wanagombania nafasi kwenye mawe yaliyo matupu. Konokono wachache, mwanga wa saa chache, uvumilivu. Ukianza kuona madoa ya waridi na zambarau, magumu kama rangi iliyopakwa kwenye jiwe, furahi, huo ni mwani mgumu wa chokaa, dalili kwamba tanki linatulia.

Sasa umeme, maana hapa ndo tanki lililoiva linaweza kurudi sifuri usiku mmoja. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki, na oksijeni inaletwa na maji yanayotembea. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, tena mwezi wa 12 chumba kina nyuzi joto 32, maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, samaki na bakteria wanagombania hicho kidogo, samaki wa kwanza akifa amonia inapanda na wa kuila wamedhoofika. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei ya kuku wachache, nunua mbili. Ukiweza sola na betri ya kuendesha pampu moja tu ya kuzungushia maji, bora zaidi. Taa na mengine yasubiri umeme urudi. Na feni inayopuliza juu ya maji inashusha joto nyuzi mbili tatu, ila maji yatakauka haraka, uwe na dumu la maji baridi karibu.

Ukishafika kuweka samaki, weka mmoja au wawili wadogo, halafu kaa wiki mbili ukipima. Bakteria ulionao wanatosha kwa chakula ulichokuwa unawapa, ukileta samaki wanane siku moja umeongeza familia kabla ya kuongeza shimo. Lita 648 zinakudanganya kwamba nafasi ipo. Samaki aitwaye kangaja, ambaye kila mtu anamtaka kwa sababu anaogelea vizuri na anakula majani, awe wa mwisho mwisho, ni mlaji mkubwa na mchafuzi mkubwa. Matumbawe laini unaweza kujaribu baada ya miezi miwili mitatu mambo yakiwa yametulia, yale magumu yenye matawi mimi nayasubirisha mpaka mwaka uishe, kwa sababu yenyewe hayaridhiki na amonia sifuri tu, yanataka kalsiamu na ualkali wa maji visipande wala kushuka, na tanki changa linapanda na kushuka kila wiki.