Kabla hujanunua pambo, uliza nani atalifuta vumbi

Kazi yangu ni kupamba nyumba, nafanyia hapahapa Dodoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "dada, niongeze nini sebuleni ipendeze?" Mimi kabla sijaangalia hata rangi ya ukuta huwa nauliza: humu ndani nani anafuta vumbi, na kwa wiki anafuta mara ngapi? Watu wanacheka wanadhani natania. Sitanii hata kidogo. Mji huu mvua ikishakata mwezi wa nne au wa tano ndo basi tena mpaka Novemba, Desemba huko, na upepo hauna likizo, unafuta meza asubuhi ikifika saa kumi jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Kwaiyo kila pambo unaloingiza ndani umejiongezea kazi, au umemwongezea dada wa kazi, ambaye akichoka atalifuta upande wa mbele tu.

Nililijifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilimwekea mteja mmoja kapeti la manyoya marefu, rangi ya maziwa, zuri kweli kwenye picha, na ilikuwa mwezi wa nane. Haikuisha wiki ya tatu akanitumia picha bila maneno yoyote: kapeti lilikuwa rangi ya barabara ya Nkuhungu. Nilirudisha hela ya usafi kimyakimya. Tangu siku ile nyumba za huku naweka kapeti la manyoya mafupi au mkeka mzuri wa ukindu unaotoka nje ukakung'utwa, na rangi nachagua zinazopatana na udongo wetu, yaani kahawia, haradali, ile nyekundu ya tofali la kuchoma. Ukubwa nao usidanganyike, kapeti dogo lililokaa katikati peke yake linafanya sebule nzima ionekane ndogo, angalau miguu ya mbele ya makochi ilikanyage.

Sasa ngoja niwape kisa cha mama mmoja wa Ilazo. Ni mtumishi, alihamia na wizara kutoka Dar kipindi kile serikali ilipoanza kuhama kweli baada ya tamko la 2016, akaja na vitu vyake vyote. Nimeingia, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu, karibu, usiangalie fujo", nikakaa. Nilihesabu vitu 53 juu ya kabati la TV, shokesi na vistuli: vikombe vya harusi za watu, tembo wa vioo, maua ya plastiki vesi nne, saa mbili zisizotembea, na juu ya kila kochi vitambaa vya kufuma, na juu ya vitambaa kuna nailoni. Yeye alitaka niongeze. Nikamwomba sinia na boksi, tukatoa kila kitu, tukafuta, halafu nikamwambia mama, rudisha vile ambavyo mgeni akiuliza una hadithi yake. Vilirudi vinane.

Hapo ndo tulianza kupamba. Kabati la TV linahitaji vitu vitatu vinavyopishana urefu, kirefu, cha kati, kifupi, viwe karibukaribu kama watu wanaongea, siyo vimepangwa mstari kama askari. Ukiviweka juu ya sinia moja ya mbao ndo raha zaidi, siku ya kufuta unanyanyua sinia, unapitisha kitambaa, umemaliza. Kitu kimoja kikubwa kinapendeza kuliko vidogo kumi, na vumbi lake ni moja.

Kile kirefu tulikipata bure. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na wakulima wakipogoa wanaacha matawi makavu shambani, yale yaliyojipinda pinda. Niliomba mzigo mmoja upande wa Hombolo, nikayaosha, nikayaanika siku mbili, nikayachomeka kwenye chungu cha udongo kirefu. Wageni wanamuuliza mama ameagiza China. Maua ya plastiki mimi sina ugomvi nayo sana ila kwa huku yanageuka rangi ya kijivu na huwezi kuyaosha kila jani, bora mmea wa ukweli wa majani mapana magumu unaoufuta kwa kitambaa chenye maji.

Vitu vya Kigogo navipenda na naviweka sana, kibuyu cha maziwa, kigoda, lakini nunua kwa mtu anayetengeneza na uulize kinatumikaje. Ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kama ile aliyoipiga mwanamuziki Hukwe Zawose, sitaitundika ukutani mahali isipofikika, chombo cha muziki kikae pale mtu anaweza kukichukua akajaribu, hata akikosea. Vikapu vya Iringa vya kutundika ni vizuri ila chagua vilivyobana msuko, vile vyenye matundu vinakula vumbi mpaka utafute brashi ya rangi.

Wanaotoka Pwani jambo moja wasilipuuze, kinyago cha mpingo au meza ya mbao iliyozoea unyevu wa Dar ikija huku inakauka na kupasuka, nimeona kinyago kizuri kimefunguka ufa kichwani ndani ya msimu mmoja. Kiweke mbali na dirisha, kipake mafuta kidogo mara mojamoja. Na jua la saa tisa linaloingia upande wa magharibi linachujisha kitenge, hata ukikitia kwenye fremu, kwaiyo ukuta unaopigwa na jua uwekee kitu cha udongo au chuma.

Picha jamani tunatundika juu mno! Nadhani ni mazoea ya ofisini, picha ya Rais inakaa juu kabisa nasi tukadhani picha zote ndo hivyo. Ya sebuleni katikati yake iwe kama sentimita 145 mpaka 150 toka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na upana wake ufike kama theluthi mbili za kochi. Kochi la mita 2.1 linataka picha au kundi la picha la mita 1.4 hivi. Ile fremu ndogo moja juu ya kochi kubwa inaonekana kama stempu kwenye bahasha.

Mito ya kochi: foronya ziwe na zipu, basi. Vitenge nanunua Soko la Majengo, fundi cherehani anashona kwa siku moja, unakuwa na seti mbili, moja ipo kwenye maji nyingine ipo kwenye kochi. Ongeza shuka la Kimasai kwenye mkono wa kochi, maana Juni na Julai usiku huku baridi inauma na hilo ni pambo linalofanya kazi.

Taa nitasema kifupi. Angalia namba kwenye boksi la balbu, 6500 ni mwanga mweupe wa duka la dawa, 3000 ni wa njano unaotuliza, sebuleni weka huo. Zile taa za bluu na zambarau ndani ya jipsamu mimi zinanikumbusha baa, ila mwenye nyumba ni wewe.

Tuje kwa vile vitambaa vya kufuma vya mama wa Ilazo. Alikubali kutoa nailoni, vitambaa akagoma, na sikumlazimisha kwa sababu vilifumwa na mama yake mzazi. Tukachagua kimoja, kile cheupe chenye pindo la njano, tukakinyoosha juu ya kitambaa cheusi tukakitia kwenye fremu ya kioo, unapitisha kitambaa mara moja kimeng'aa. Vingine alivikunja akavifungia kabatini. Wiki iliyopita kanipigia, "mwanangu, na kile cha bluu je?" Nikamwambia mama, ukuta wa korido upo wazi, nakuja Jumamosi na drili.